Dada, Nilizima Mitandao Mitatu

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto. Goti je, bado linakusumbua ukipanda ngazi, au safari hii umemsikiliza daktari ukapumzika? Jibu nalijua. Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo asubuhi, ila ukimwuliza anasema ni vumbi. Baba mdogo amepaka mlango wa mbele rangi ya kijani na hakumwonya mtu, kwa hiyo siku mbili nzima kila mgeni aliondoka kwetu na kiganja cha kijani.

Najua unacheka kwamba mtu wa intaneti anakuandikia kwa kalamu. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati, na jambo hili nataka ulipate lote. Kaa kitako.

Unakumbuka nilikwambia nimepata kazi kwenye lile shirika linalosaidia nchi kama zetu kujenga mitambo ya intaneti. Hawauzi chochote. Wanaleta vifaa, wanafundisha watu wa hapa, kisha wanafunga mizigo kwenda kwingine. Hapa kwetu kazi yote ilikuwa ya chumba kimoja nyuma ya maktaba, hakizidi jiko la Mama, kina kabati la chuma lenye mtambo ndani na kiyoyozi kinachonguruma kutwa. Humo kampuni tatu za intaneti za mji huu zinakutanisha nyaya zao. Zamani, Mama akimwandikia jirani ujumbe, kwa kuwa wako kampuni tofauti, ujumbe ulivuka kwanza bahari ukafika ng'ambo, ndipo urudi upande wa pili wa ukuta. Ni kama kumtuma mtu chumvi kwa jirani, naye aende kwa kupitia mji mwingine. Siku hizi unapita chumbani kwetu, basi.

Kuzikalisha kampuni hizo pamoja ilikuwa kazi kuliko nyaya zenyewe. Mwalimu wetu wa shirika, mama mmoja mfupi mwenye maneno mengi tunayemwita Mama Nyaya, alihangaika miezi mitano na mhandisi wa kampuni kubwa peke yake. Huyo tunamwita Bwana Hapana, maana ndilo neno lake la kwanza kwa kila jambo, hata ukimkaribisha chai. Mwishowe alikubali, akaleta waya wake.

Sasa Mama Nyaya alikuwa anaondoka Ijumaa iliyopita, na chumba kilihitaji mtunzaji. Chumba si cha kampuni yoyote, kwa hiyo mwenye funguo lazima awe mtu ambaye kampuni zote zilizochomeka waya humo zimemkubali. Dada, sitakuficha, niliutaka ufunguo ule hadi nikawa nauota. Miaka yote nimekuwa fundi wa kutumwa: shika hiki, lete kile. Hiki kingekuwa chumba changu.

Jumanne nikaingia peke yangu kukisafisha. Hapa wa kulaumiwa ni wewe. Nani alinilea hivi, kwamba siwezi kulala kiatu kimoja kikiwa kimepinduka? Nyuma ya kabati nikaona waya mfupi, ncha moja iko kwenye mtambo, nyingine inaning'inia hewani. Nikaona aibu wageni waukute vile. Nikautafutia tundu lililo wazi, nikauchomeka, nikafuta vumbi, nikafunga mlango, nikaenda kunywa chai na moyo mweupe kabisa.

Tundu lile lilikuwa la mtambo uleule. Kila kilichotoka huku kikaingia kule, kikatoka tena, kikazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake, mpaka pakakosekana nafasi ya kitu kingine chochote. Ipo kinga ya kosa hilo. Ilikuwa kwenye orodha ya kazi za Jumatano.

Kwa dakika arobaini kampuni zote tatu zilikuwa chini. Ofisi zimekwama, maduka yamekwama, Mama anapigapiga simu yake mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Niliporudi nikakuta taa za mtambo zinawaka na kuzima zote kwa pamoja. Nikauchomoa waya, mambo yakarudi. Hakuna aliyeniona. Mtambo huandika kumbukumbu ya kila kinachotokea ndani yake, lakini wa kuzisoma kumbukumbu hizo ni mimi.

Jumatano kikaitwa kikao, na kila kampuni ikainyooshea nyingine kidole. Ninyi mnatuhujumu, hapana ninyi. Bwana Hapana akasimama, akaomba nimchomolee waya wake, akaukunja vizuri akautia mkobani. Alisema hawezi kuwaacha wateja wake mikononi mwa mahasidi. Nami, dada, nilikaa pale nikiandika muhtasari kwa mwandiko mzuri, kimya. Yeye alipotoka walibaki wale wa kampuni nyingine mbili, na hao wawili walikuwa wameshanikubali. Yaani nikinyamaza, ufunguo ni wangu.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama analalamika kwamba ujumbe wake kwa jirani umeanza tena kuchelewa. Jirani ni mteja wa Bwana Hapana. Kwa kuwa mimi ndiye ninayejua mambo haya, Mama aliniuliza tatizo liko wapi, nikamwambia sijui. Kumdanganya Mama ndiko kulikonishinda.

Alhamisi nikawapigia simu wawakilishi wote watatu wa kampuni waje, nikasimama mbele yao na kumbukumbu za mtambo nimezichapa. Nilisema ni mimi, waya ni huu, tundu ni hili, sababu ni kupenda usafi. Mama Nyaya alijifunika uso kwa viganja. Nilidhani analia, kumbe anacheka, maana alisema baadaye kwamba naye aliwahi kufanya hivyohivyo, katika nchi mbili. Lakini wale watatu hawakucheka. Bwana Hapana alichukua karatasi, akaondoka bila kuaga. Nikajua ufunguo umeniponyoka.

Ijumaa tulikuwa tunamfungia Mama Nyaya masanduku, Bwana Hapana akatokea mlangoni na mkoba wake.

"Ungenyamaza, nani angejua?" akaniuliza.

"Hakuna, mzee."

"Na hizi kumbukumbu, msomaji ni nani?"

"Ni mimi."

Akatazama kabati, akanitazama mimi. Kisha akatoa ule waya mkobani, akaukunjua taratibu, akanikabidhi ncha yake.

"Chomeka," akasema. "Ila leo angalia tundu."

Wenzake wawili wakasema kama yeye amekubali, wao ni nani. Ufunguo ninao shingoni ninapokuandikia. Nilipouvaa nilitaka wewe uwe pale, zaidi ya mtu yeyote.

Jioni ile Mama alikuwa anakunja nguo, nikamweleza kila kitu, pamoja na ule uongo wa Jumatano. Alinigomba kidogo, kisha akauliza kama basi sasa na wewe utasikika vizuri unapopiga simu, sauti isikatike katikati ya neno. Nikamwambia hapana, Mama, chumba changu ni cha majirani tu. Sauti ya Dada bado inatoka ng'ambo, inavuka bahari yote ileile.

Mama akakunja shati moja, akalifungua, akalikunja tena.

"Basi kazi yako bado haijaisha," akasema.

Nimekukumbuka, dada. Mtambo wa kukusogeza wewe sina, kwa hiyo nakuomba kwa mdomo mtupu: njoo.

Msalimie sana shemeji, mwambie kofia yake bado ninayo na sirudishi. Mbusu Chiriku na umwambie apunguze maneno shuleni, na mdogo wake mwambie mama mdogo anamngoja. Baba mdogo anakusalimu, Mama anakusalimu mara mbili. Mungu akulinde uingiapo na utokapo, na goti lako alitie nguvu za safari.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba.