Kona za Kushukia Mombo

Lushoto,
2 Juni 2003

Mdogo wangu Rukia,

"Woga hautibiwi kwa maneno, hao Waarabu wanafundishana kupiga soga." Hayo ni ya Mwalimu Tobia, kayasema nilipomsimulia barua yako mbele ya duka la mbolea, watu wakacheka. Nilimjibu kwamba hata kwinini haikugunduliwa kwa kucheka. Lakini kwanza salamu. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sisi wazima, ila wifi yako Tatu anasumbuliwa na goti. Baridi ya mwaka huu haina adabu. Na wewe, joto la Kairo linakuacha ulale?

Barua yako nimeisoma mara nne nikitafuta pa kuishambulia. Unasema mnawafundisha wauguzi wa Sudani, Yemeni na Moroko tiba ya mazungumzo kwa Kiarabu, na kwamba tiba yenyewe imepimwa: waliotibiwa wamelinganishwa na waliokuwa bado wanangoja zamu. Hapo uliniweza. Soko huria limetuletea kila mwenye chupa na kipaza sauti, anatibu kisukari mpaka mikosi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuhesabu wasiopona.

Basi nikajaribu. Uliandika kwamba mgonjwa hukisogelea anachokiogopa hatua kwa hatua, na kila hatua hutaja woga wake kati ya sifuri na mia. Nilimwomba Kristofa, dereva wa lori la mboga, niketi ndani ya lori likiwa limesimama. Akauliza kama nimeajiriwa kulinda kabichi. Woga: tisini. Siku ya tano, arobaini, wala sijameza kidonge! Nikataka kujua zaidi. Wiki iliyofuata tukaenda mpaka Soni, katikati ya mteremko. Nilifumba macho njia nzima nikisoma dua, kisha nikajisifu. Kristofa akasema, Mzee, hapo nimesafirisha gunia. Nikairudia barua yako: kweli, umeonya kwamba anayejificha safarini hajifunzi kitu. Tukaenda tena, macho wazi. Sabini, lakini nilifika.

Sasa unajiuliza lori linanihusu nini. Rukia, wilaya nzima inajua sishuki Mombo, huko bondeni kwenye njia ya Tanga, kwa sababu nimewasusia walanguzi wa mboga. Nimeandika hivyo magazetini, nawe ukanisifu. Ni uongo. Nilichosusia ni kona za barabara ya mlimani. Tangu lori lilipopinduka nami mwaka tisini na nne, sijashuka. Na mama alipolazwa Tanga, sikuwa na mkutano wowote wa wakulima kama nilivyokuambia. Nilifika stendi, nikarudi nyumbani, nikamtuma Tatu. Mama alikufa akiniulizia. Nimekuficha miaka saba.

Binti yangu Mwanahamisi anaolewa huko huko Tanga anakofanya kazi, tarehe tano Julai. Nilimwandikia kwamba nitaweka wakili wa kumwozesha. Amejibu kwamba asiposikia sauti ya baba yake, hakuna ndoa.

Tatu anakusalimu sana, na majirani wote.

Wewe na wenzako mnaofundisha hapo Kairo, siwaombi, nawataka: isomeni barua hii yote darasani, msiruke habari za mama. Kisha pigeni simu posta ya Lushoto, Jumatano tarehe kumi na nane, saa nne asubuhi. Nitakuwa nimekaa hapo. Niambieni hatua inayofuata baada ya Soni. Kunikasirikia unayo haki, Rukia, lakini kwanza nishusheni.

Kaka yako,
Athumani