Majina Kabla ya Baruti

Mpendwa Wanjiru,

Salamu kutoka Gatongora. Cucu, bibi yako, bado anapalilia mahindi, ingawa goti linamsumbua. Umeniuliza kwa nini huwa nawachelewesha kwa maombi gari likiwa tayari kuondoka.

Miaka ya hamsini nilichonga mawe kwenye timbo karibu na Thika, pamoja na ndugu yangu Kamau. Tulikuwa watu kumi na tisa. Kabla baruti haijawashwa, Mzee Njoroge, mwasha baruti wetu, alimwombea kila mmoja kwa jina, naye mwenye jina akaitika, "Amina!" Halafu mawe yakapata soko, wenzangu wakaona wanacheleweshwa.

"Wee mzee, kwani Mungu hatujui? Washa utambi!"

Walicheka, na maombi yakaishia hapo.

Mwezi haukwisha. Baruti ililipuka Kamau akiwa bado chini timboni. Hakuna aliyejua, maana hakuna aliyemwita. Habari za kifo chake nilimpelekea mama yetu peke yangu. Hilo bado linaniuma.

Kesho yake walirudi wote kuomba, kofia mkononi. Kwa mazoea, mzee akamwita Kamau pia.

Tangu hapo situlii mpaka kila mtu aitike. Desemba mkija nitawaita tena. Itika kwa sauti, mama.

Guka, babu yako