Mbao Mbichi za Wodi ya Wazazi

Jumatano, jioni. Mvua imekata lakini ukungu bado umelala mlimani, na humu ndani kuna baridi ya kuvaa sweta mbili. Nimebandika chai, nimeinywa peke yangu, nimebandika nyingine.

Leo nimesimamishwa mbele ya madiwani.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Ngara, njia ya kwenda Murusagamba. Nilikuja kikazi kutoka Singida, sina ndugu huku. Hospitali mpya ilipoanza kujengwa na mafundi wa hapahapa, wananchi walinichagua niingie kamati ya mapokezi, yaani watu wa kukagua vifaa vinaposhushwa na kusema vinafaa au havifai. Nilifurahi sana. Nilijiona sasa nimekuwa mtu wa huku.

Zikaja mbao za paa la wodi ya wazazi, lori zima kutoka upande wa Biharamulo. Zilikuwa mbichi. Fundi alipigilia msumari mmoja, maji yakachuruzika pembeni yake. Wenzangu kwenye kamati wakageukia pembeni kana kwamba wameitwa. Mimi nikasema zirudi, na kweli zikarudi.

Sikujua ingechukua miezi kupata nyingine. Mzabuni aligoma, bei ya mbao ikapanda, masika yakaingia, kuta zikabaki zinanyeshewa.

Katikati ya hapo mkwe wa Mama Editha, jirani yangu, akashikwa na uchungu. Gari la kumpeleka hospitali ya mbali lilikwama kwenye tope kabla hata ya kuikuta lami ya Kabanga. Mtoto alizaliwa humohumo garini, na hakulia.

Msibani nilikwenda. Nilikaa nyuma kabisa, nikaondoka mapema. Tangu hapo Mama Editha, aliyekuwa akiniletea ndizi na maharage bila kuombwa, ananiitikia kwa kichwa tu. Nikifika kisimani wanawake wanahamia Kihangaza, lugha yao nisiyoijua. Huwa najiambia kwamba hata paa lingekuwepo, wodi isingekuwa na vitanda wala muuguzi. Ni kweli. Lakini ukweli huo siwezi kumpelekea mama aliyezika mjukuu.

Basi leo kamati ya fedha ya halmashauri imekuja kukagua. Viti vilipangwa ndani ya wodi yenyewe, juu mawingu. Mwenyekiti akauliza kwa nini gharama zimezidi na kwa nini jengo halijaezekwa. Mhandisi akajibu kwa upole kabisa, "Mheshimiwa, mbao zilikataliwa na kamati ya mapokezi."

Wenzangu wote wakaniangalia mimi.

Nikasimama. Nikaeleza habari ya msumari na maji, na kwamba mbao ikikaukia juu hupinda, bati likaachia.

"Mwalimu, kwani wewe ni seremala?" diwani mmoja akauliza.

Wakacheka. Nami nikacheka nao. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka sasa, kwamba nilicheka nao.

Wananchi walipopewa nafasi, Mama Editha akanyanyuka. Nikajua leo nitatajwa kwa jina. Akasema, "Waheshimiwa, shikamooni. Mimi nauliza tu, hizo mbao nyingine zinakuja lini?"

"Kesho, mama," mhandisi akajibu.

Akakaa. Hakunitazama hata kidogo, na ningependelea anitukane.

Baada ya kikao diwani wa kata yetu akanifuata njiani. Ni mtu mwema, amenikingia kifua mara nyingi. "Mwalimu, kesho pokea tu," akaniambia. "Zikiwa mbichi zitakaukia hukohuko juu. Watu wamechoka, na mimi nimechoka kukutetea." Nikamwambia asante mheshimiwa, jioni njema.

Nakiri hapa, maana hakuna mwingine wa kumkiria: nilipofunga mlango nilitaka sana kumkubalia. Si kwa sababu ana hoja. Ni kwa sababu nikizipokea, keshokutwa kisimani wataniuliza habari za shule, watanitania kuhusu kuolewa kama zamani, na labda ndizi zitarudi. Yaani ningetoa paa la wodi nipate salamu. Sikuwahi kujijua hivyo.

Halafu nimemuwaza yule mkwe. Bado binti mdogo, atabeba mimba nyingine. Atalazwa kwenye wodi ileile, chini ya mbao ambazo mimi nimesema zinafaa, na yeye hatajua lolote, atakuwa ameangalia juu akisubiri uchungu upoe.

Nimelia kidogo. Chai imepoa.

Wanasema lori la mbao limeshafika Nyakanazi na litalala hapo, asubuhi litakuwa hapa. Labda ni kavu. Namwomba Mungu ziwe kavu, nipumzike. Zikiwa mbichi nitasema ni mbichi, wacheke wanaotaka. Ila safari hii sitaacha habari imfikie Mama Editha kwa midomo ya watu. Nitakwenda mwenyewe kwake, nipige hodi, nimwambie wodi imechelewa tena na aliyeichelewesha ni mimi.

Sijui kama atanikaribisha ndani.