Ramani Isiyojua Kupwa

Kinyerezi, Dar es Salaam
8 Juni 2025

Dada yangu Hajra,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia, na mwanao Sikuzani hajambo. Sisi huku tunamshukuru Mungu, ila wifi yako Najma bado hatoki kitandani. Daktari anataka alale tu mpaka ajifungue mwezi ujao, asinyanyue hata sufuria. Nakuandikia kwa kalamu kama mtu wa zamani kwa sababu nasikia simu yako ilidondoka kwenye maji ulipokuwa unafunga mwani, na bado haijafufuka.

Anayekupa barua hii ni Amiri, kondakta wa kosta, na aliyemshika mkono ni binti yangu Dija. Nimemkalisha nyuma ya dereva, mkanda nimeufunga mwenyewe. Akae kwako likizo yote ya shule. Ana miaka saba, lakini dada, usimhesabu na watoto wa hapo. Hajawahi kuvuka barabara peke yake. Hajawahi hata kushuka ngazi za ghorofa letu peke yake. Kwa hiyo nakuomba: asitoke nje ya ua. Asitumwe dukani. Pwani asikaribie kabisa. Usiseme nazidisha. Kazi yangu unaijua, nafunga kamera na nyaya za umeme kwenye kuta za watu, na wengi huniita baada ya kupatwa na jambo. Kila siku nasimuliwa yaliyowapata.

Hiyo saa aliyovaa si pambo. Inanionyesha kwenye simu mahali alipo. Asiivue hata akioga, maji haiogopi.

Mdogo wako,
Khamis


Mlingotini
12 Juni 2025

Mdogo wangu Khamis,

Marahaba, na salamu nyingi kwa wifi. Mwambie alale bila aibu. Mimi daktari angeniamuru kulala mwezi mzima ningemwombea dua mpaka leo. Sisi wazima. Mgongo upo, simu ndiyo haipo. Niliizika kwenye mchele siku nne, mchele tumeshaula, simu bado imenuna.

Dija amefika, amekula, amelala. Masharti yako nimeyasoma mara mbili, na hilo la ua limenishinda. Ua gani, Khamis? Nina makuti matatu yameegeshwa upande wa choo, na mbuzi anapita anapotaka. Mtoto alisimama mlangoni asubuhi ya kwanza akaniuliza, "Shangazi, geti liko wapi?" Nikamwambia geti ni mimi. Akanitazama juu mpaka chini, nadhani hakuridhika.

Siku mbili nilimweka barazani kama ulivyotaka. Watoto wa mtaa mzima wakaja kumtazama kama gari jipya. Siku ya tatu nilikuwa na mwani wa kufunga, bamvua likitoa maji halingoji mtu, na nyumbani habaki mtu. Nimfungie ndani? Nikaenda naye. Alipokanyaga tope akalia. Baadaye akalia tena, nilipomwambia turudi.

Umesahau wewe ulivyokua? Ulishinda pwani tangu asubuhi, na mama alikukumbuka wakati wa kupakua tu.

Dada yako,
Hajra


Kinyerezi
14 Juni 2025

Dada Hajra,

Shikamoo. Hali zetu ni zile zile. Najma anakula kidogo, anawasalimu.

Jana saa nne asubuhi nilikuwa juu ya ngazi kule Mbezi, nafunga kamera kwenye kona ya nyumba ya mtu. Nikafungua simu nione mwanangu yuko wapi. Alama yake iko baharini. Sisemi ufukweni. Baharini, ndani ya bluu, mbali na nchi kavu kama viwanja vitatu vya mpira. Nilishuka ile ngazi bila kuikanyaga yote. Nikampigia Amiri, Amiri akampigia jirani yako Pazi mwenye mtumbwi, Pazi akaenda kutazama. Akarudi na jibu kwamba mtoto yuko na wenzake wanachimbua kaa, na ameomba asisumbuliwe.

Nusu saa niliyosubiri jibu hilo siwezi kukueleza. Mwenye nyumba aliniletea maji, nikayaweka chini nikapiga simu tena.

Unaniuliza nilivyokua. Dada, wanaosimulia walivyokua ni wale waliokua. Asirudi huko tena.

Mdogo wako,
Khamis


Mlingotini
17 Juni 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Wifi namwombea. Pazi amenieleza habari zako, na amekuigiza ulivyokuwa unapiga kelele kwenye simu. Sasa mtaa wote unaijua sauti yako.

Aliyeichora hiyo ramani hajafika Mlingotini maji yakiwa yametoka. Pale alipopaka bluu, saa nne ya bamvua ni mchanga, mtu anapita na baiskeli. Ramani haijui maji yanakupwa. Inadhani bahari imekaa mahali pamoja kama bwawa. Na mtoto hayuko peke yake. Wanawake wa mwani tupo ishirini kule, tumeinama lakini macho tunayo. Dija akipiga chafya tunamwombea watano kwa pamoja. Ukiona alama ndani ya bluu, baki juu ya ngazi yako. Jua anacheza.

Masharti yako mengine nimeyapunguza bila ruhusa. Anatumwa kupeleka sahani kwa majirani. Mara ya kwanza alikwenda ameishika kama bomu. Sasa anarudi anaimba.

Dada yako,
Hajra


Kinyerezi
23 Juni 2025

Dada Hajra,

Shikamoo. Najma anaendelea vizuri, na mimi nimejitahidi kuwa mtu wa kawaida. Kila nikifungua simu naona bluu, naifunga, naendelea na kazi.

Dija alinipigia juzi kwa simu ya Pazi. Hata salamu hakunipa. Alianza moja kwa moja kwamba kaa ana mlango wa mbele na wa nyuma, ukiziba mmoja anakucheka kwenye mwingine. Sijawahi kumsikia akiongea haraka vile. Huku anaongea kama mgeni, anaomba ruhusa kwanza. Nilipokata simu nilimsimulia Najma neno kwa neno.

Swali moja tu, la kijinga labda. Hayo maji yanayotoka na kurudi, mtoto ameambiwa kwamba yanarudi?

Mdogo wako,
Khamis


Mlingotini
30 Juni 2025

Mdogo wangu Khamis,

Namuulizia wifi kwanza, habari hizi zisije zikamdhuru. Na Dija, analala? Anakula?

Juzi Jumamosi ulifika alfajiri, ukamchukua mwanao, chai hukuigusa. Hukuniuliza kitu, na mimi sikuweza kusema mbele ya mtoto. Nasema sasa.

Siku nyingine tunabaki pwani mpaka maji yatupate magotini, na watoto tunawaswaga mbele yetu kama kuku. Ijumaa tunaondoka mapema tukapike, wanaume waende msikitini, na kila mwanamke huondoka kwa wakati wake. Ijumaa ile kila mmoja alidhani mwenzake amebaki. Sikuzani alimwambia Dija, "Twende, maji yanakuja." Dija akamjibu, "Yakifika nitayaona." Alikuwa kwenye fungu la mchanga, pakavu, anayatazama mbele yake. Hakujua kwamba yanaanzia nyuma, kwenye mkondo ulio kati ya fungu na nchi kavu. Ukija kugeuka, umeshazungukwa.

Sikuzani alirudi akanawa akala. Nilimuuliza, "Mwenzio yuko wapi?" Akasema, "Anakuja." Mimi nikaendelea kukuna nazi. Nilimaliza nazi nzima, Khamis, nikachukua ya pili.

Pazi ndiye aliyemwona. Ijumaa huwa na udhuru wake na msikiti, imamu ameshamsema hadharani, na saa ile alikuwa anachota maji kutoka kwenye mtumbwi wake. Aliona kichwa na mikono miwili juu. Alipomfikia, maji yalikuwa kifuani. Mtoto amesimama kimya, halii. Akamuuliza, "Mbona hukuita?" Akajibu, "Namngoja shangazi."

Barua yako yenye lile swali nilikuwa nayo tangu Jumatano. Niliisoma nikacheka. Nikamsomea Pazi naye akacheka. Hapa hakuna anayemwambia mtoto kwamba maji yanarudi, kama usivyomwambia kwamba kutakucha. Wetu tunakwenda nao mwani mgongoni kabla hawajatembea. Wako alikuwa na siku kumi na tisa. Nilimfungulia kila kitu na hilo moja sikumwambia. Kosa ni langu, sitafuti wa kumgawia.

Dada yako,
Hajra


Mlingotini
15 Julai 2025

Khamis,

Salamu kwako na kwa wifi. Amiri ameniambia amejifungua salama, mtoto wa kiume. Nimefurahi, hata kama habari nimeipata kwa kondakta kabla ya kuipata kwako.

Amiri huyo huyo anasema ukweni kwako wanasimulia kwamba shangazi alimwacha mtoto baharini akaenda kupika. Sikatai, ndivyo ilivyokuwa. Anasema na wewe ulikuwepo wakisimulia.

Huku Sikuzani hatoki. Mimi ndiye nimemzuia. Watoto watatu nimewalea bila kuwatazama sana, huyu wa mwisho namwita kila dakika kumi. Akiitika namuuliza uko wapi, na yuko mbele yangu. Nikienda mwani nahesabu vichwa vya watoto wa watu mpaka mafundo ya kamba yananipotea. Wenzangu wanasema nimepatwa na kitu. Nikisikia mtoto anasema "anakuja", naacha nilichoshika natoka kumtazama huyo anayekuja.

Nijibu hata mstari mmoja, hata kama ni wa matusi.

Dada yako,
Hajra


Kinyerezi
3 Agosti 2025

Dada yangu Hajra,

Shikamoo. Najma mzima, mtoto mzima, tumemwita Hamidu. Mimi nimechelewa kuandika kwa sababu kuna jambo, na kila nikishika kalamu linakaa kwenye ncha.

Ijumaa ile, saa saba na dakika ishirini, nilifungua simu. Nikaona alama ndani ya bluu. Nikasema moyoni, ramani haijui, mtoto anacheza. Nikairudisha simu mfukoni nikaendelea kukaza skrubu. Dada, nimekulia hapo. Mimi najua saa saba ya bamvua maji yako wapi. Ulinifundisha nisiogope, nikajifunza vizuri mno, hata nilichokuwa nakijua nikakisahau. Pazi aliponipigia nilijua wakati uleule nilichokuwa nimekiona. Chai yako nilishindwa kuinywa kwa sababu hiyo. Wakweni walipokusema, nilikaa nikatazama zulia, maana kidole walichokunyooshea wewe kilikuwa hakinigusi mimi.

Jana nimewaambia wote, Najma akiwepo. Aliinuka akaingia chumbani. Aliporudi alisema nikuandikie bila kuchelewa tena.

Habari ya Dija. Analala, anakula, na haombi tena kutoka. Nikiacha mlango wazi anakuja kuufunga. Mwanzoni nilifurahi, nitakuwa muongo nikikataa. Nilisema sasa tumepata usalama. Halafu wiki iliyopita nilimsikia anamweleza Hamidu, wa wiki tatu, kwamba nje maji yanaanzia nyuma. Anamweleza kila siku, taratibu, kama mwalimu. Sikufurahi tena.

Leo Jumapili, saa tatu asubuhi, nimemtuma dukani peke yake. Anakwenda kununua kiberiti. Nimemwambia kila ninachokijua: ashuke akishika ukuta, atoke getini, akunje kulia, duka la pili. Bodaboda hutokea upande ambao hukuutazama, kwa hiyo asimame, atazame nyuma pia. Mtu akimwita asiyemjua, apite. Nikamaliza, nikawa sina kingine, na yeye bado amesimama mlangoni ananitazama. Nikamuuliza, "Unaogopa?" Akasema, "Kidogo. Na wewe?" Nikamwambia kidogo. Tulikuwa tunadanganyana.

Sasa ameshuka. Naandika ili mikono iwe na kazi. Geti hili lina kamera nne, nimezifunga mimi mwenyewe, na hakuna hata moja inayoona duka. Saa yake imebaki mezani, kasema inambana. Duka ni dakika mbili kwenda.

Dakika nne zimepita. Najma anauliza chumbani kama amerudi. Nimesema anakuja. Nilivyolitamka hilo neno nikakufikiria wewe na nazi yako.

Dakika saba. Mfungulie Sikuzani, dada. Sikuandikii hivi kwa kuwa mimi nimeweza. Nimesimama, nimekaa, nimesimama tena, kiatu kimoja nimeshakivaa. Mfungulie tu, na umwambie asiposikia mguu wa mwenzake nyuma yake arudi kumchukua.

Dakika tisa. Nimevaa na cha pili.

Amerudi. Nimekutana naye mlangoni, ana kiberiti mkononi na jasho puani. Nimemuuliza kwa sauti niliyotaka iwe ya kawaida, "Mbona umechelewa?"

"Mangi alikuwa ananiuliza jina langu," amesema. Mangi ndiye mwenye duka, miaka minne nanunua mkate kwake kila jioni. "Anauliza nakaa wapi, na baba yangu nani. Nimemwonyesha dirisha letu. Baba, anasema alikuwa hajui kama una mtoto."

Mdogo wako,
Khamis