Ulikuwa Unaongea na Nani, Bibi?

Makambako,
Jumapili mchana

Mdogo wangu Tabitha,

Kamwene. Umeamkaje wewe na mgongo wako? Viazi mmeshavuna, au mvua imewaozeshea shambani? Mimi mwili mzima, ila magoti yanalia kama mlango mbovu, na upepo wa Makambako hauna adabu, unampiga hata mzee. Hayo ni ya mwili. Ya moyoni ni mabaya, kwa hiyo kaa chini, na usome peke yako. Baba alikupeleka wewe shule, mimi nikabaki na ng'ombe. Leo nashukuru, maana huhitaji macho ya mtu mwingine.

Anayeniandikia ni Mama Jeska, fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta mmoja. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipake poda. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu yenu mnaweka sauti ya nje, nyumba nzima inasikia mpaka kuku. Jambo hili si la kuku.

Eliza ameondoka. Leo siku ya nne. Dawa zake ameziacha juu ya kabati.

Aliyemponza ni mimi, kwa mdomo wangu huu.

Unajua nilivyohamia huku mwaka juzi, mjukuu wetu Eliza alipopata kazi ya kupika kwa Mama Vero, pale malori yanapoegesha. Nilisema siwezi kumwacha peke yake na dawa zake, mimi niliyemmezesha tangu mama yake afariki, tangu hajui hata kuzitaja. Basi mwaka huu ukaja mradi wa walezi wa watoto wanaomeza dawa za virusi. Wakanisikia kliniki nikimgombeza mama mmoja anayeruka siku za dawa za mwanawe, wakasema huyu bibi anajua kusema, aende semina akawaambie wengine.

Semina ya kwanza ilikuwa Njombe, ukumbi wa kanisa. Walikaa mabibi tupu, kila mmoja na mjukuu wake wa kumezesha. Nikasimama nikasema kama tunavyoshuhudia huko kwetu Kifanya kwa kina mama. Unajitaja, unamtaja mtoto kwa jina, unautaja ugonjwa, unasema Mungu alivyokuvusha. Kwetu ukificha jina watu wanaona unatunga. Mabibi walilia, wakanishika mikono. Nikarudi nimevimba kama andazi.

Wiki hii wakaniita tena, safari hii hapa hapa Makambako, ukumbi wa nyumba ya wageni kando ya barabara kuu. Nikamwuliza binti wa mradi, "Niseme nini?" Akasema, "Bibi, ongea tu kama siku ile." Sikumwuliza nitaongea na nani. Mwanamke akipika ugali anauliza wageni ni wangapi, ni wakubwa au ni watoto. Mimi niliingia na maneno bila kuuliza.

Walikaa vijana. Utingo wa malori, wahudumu wa nyumba za wageni, akina mama wanaouza chakula. Niliona sura ngeni, nikasema watu ni watu. Nikawaambia, "Nina mjukuu anaitwa Eliza, amezaliwa na virusi, leo ana miaka ishirini, mzuri, ana nguvu kama ndama. Mbona mnamjua! Ndiye anayewasukumia chapati pale kwa Mama Vero!"

Tabitha, ukumbi ulinyamaza. Kwetu watu wakinyamaza vile, neno limeingia. Binti wa mradi akanivuta kitenge kwa nyuma. Nikadhani ananitia moyo, nikapaza sauti. Nikaeleza mpaka saa anayomeza.

Mama Jeska amesimamisha kalamu. Anasema, "Mimi nilikuwa mstari wa nyuma, nilitamani kuingia chini ya kiti." Namwuliza, mbona hukunizuia? Anasema, "Nani akuzuie wewe, Bibi? Trela lisilo na breki?" Andika hivyo hivyo, Mama Jeska, usione haya sasa.

Mama Vero mwenyewe alikuwa amekaa mbele.

Jioni ile Eliza aliniuliza semina ilikuwaje. Nikamwambia nimeongea vizuri, watu wametulia tuli. Akafurahi. Akanikanda magoti kwa maji ya moto.

Asubuhi akaenda kazini. Ya huko nilisimuliwa baadaye. Kuna utingo mmoja hula chapati nne kila siku akimsifia mikono. Siku hiyo akasema mbele ya wenzake, "Leo nipe soda tu, tena kizibo nakifungua mwenyewe." Wakacheka. Mwingine akadakia, "Msimchoshe dada, saa tatu usiku ana miadi." Hiyo saa tatu niliwapa mimi.

Mama Vero akamwambia apumzike siku mbili tatu. Baadaye nilimfuata kwa hasira, nikamwambia, "Wewe unajua ugonjwa huu haupiti kwenye chapati!" Akasema, "Mimi najua, Bibi. Hao vijana ndio hawakujua. Ungeanza kuwaambia hilo, na jina ungeacha nyumbani."  Nikageuka nikarudi nyumbani.

Eliza aliporudi hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alisimama mlangoni.

"Bibi, jana ulikuwa unaongea na nani?"

"Na watu, mjukuu wangu. Niliwatia moyo."

"Watu gani? Nitajie mmoja."

Nikatafuta. Sikuwa na hata mmoja.

"Humjui mtu pale," akasema. "Wao sasa wananijua wote."

"Nilijivunia wewe."

"Si ungejivunia humu ndani?"

Akaanza kupanga nguo. Nilishika mkoba, akavuta, zipu ikakatika, akaufunga kwa kamba akatoka. Sikumkimbilia, magoti hayakuniruhusu.

Tangu hapo natafuta na kutafuta kwenyewe ni mateso. Naenda stendi, nafungua mdomo, naufunga. Nikisema "Eliza wa kwa Mama Vero," nimemtangaza tena. Nikilia, watauliza nalia nini. Mwisho nikamwuliza wakala wa mabasi kama ameona binti wa sweta ya kijani, mkoba umefungwa kwa kamba. Akasema alipanda gari la Njombe. Kwa hiyo naomba Mungu awe amekuja kwako, maana wewe hajawahi kukuogopa. Kama hajafika, sijui nitashika wapi.

Juzi mama mmoja aliyekuwa semina alikuja kunishukuru, eti kwa maneno yangu amempeleka mwanawe kupima. Nikamwambia shukrani zako nimezisikia, nenda. Sina nafasi ya kuziweka. Binti wa mradi naye amepiga, kuna semina nyingine. Nikamwuliza, "Nani atakaa?" Akasema, "Washiriki tu, Bibi." Nikamwambia niletee kwanza mtu anayejua washiriki hao ni nani na jioni wanarudi kukaa na nani, ndipo uniite. Akanyamaza. Sasa kunyamaza kwa mtu hakunidanganyi.

Mama Jeska anakwenda Njombe kesho kununua vitambaa, atapandisha mpaka Kifanya. Ndani ya bahasha kuna kadi ya kliniki, na kopo la dawa nimelifunga kwenye soksi vidonge visilie njiani. Nesi amesema akipatikana aanze siku hiyo hiyo, kisha aende kliniki yoyote ya karibu na kadi yake. Siku nne, Tabitha. Hajawahi kuruka hata moja.

Akiwa kwako, usimhutubie. Unajua mimi na wewe tumezaliwa tumbo la kuhutubia. Mpe maji ya kuoga, mpe kikombe cha maji na kopo, utoke nje ukachambue maharage. Usimwambie bibi yake analia. Usimwambie anisamehe. Akisema hataki kuniona, sawa, asinione, mimi nitabaki huku na upepo wangu. Ameze tu.

Msalimie shemeji, mwambie aache kunywa ulanzi wa asubuhi, ni wa wazee wasio na kazi. Msalimie mkwe wako na mwanawe mchanga. Kaka yetu mzee wa kanisa msalimie sana, lakini umwambie neno hili ukiwa naye peke yake: najua moyo wake ulivyo, akisikia atataka kusimama ibadani kumwombea mtoto. Asimtaje. Aombe moyoni, akiwa shambani. Mungu anamjua Eliza, hahitaji kutajiwa.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Salome