Harusi Mbaruk Kuimba Malindi Siku ya Idd

Jumapili, 10 Mei 1987

Leo nimeileta Malindi ziara ya Harusi Mbaruk. Peke yangu! Watu watasema ni Dena, watasema ni wenye santuri wa Mombasa — waache waseme. Pasipo mimi Bwanamkuu, mwimbaji yule angeupita mji huu kama basi lililojaa.

Mambo yalikuwa hivi. Dena, kijana wa Kakuyuni anayekodisha vipaza sauti, ndiye anayempangia Harusi ziara ya santuri yake mpya, "Dirisha la Kijani". Mombasa kashaimba kabla ya mfungo, uwanja ukajaa watu mpaka juu ya ukuta. Ramadhani ikiisha ni Malindi, Lamu, kisha arudi Kilifi. Hapa kwetu ataka kuimba siku ya Idd, mchana, akina mama waje na watoto wao. Dena ni Mkristo, hesabu za mwezi hazijui. Kaja barazani kwangu.

"Mzee, Idd ni Ijumaa tarehe 29 ama Jumamosi?"

"Ijumaa. Andika."

"Si mpaka mwezi uonekane?"

"Mtu wa kwanza kuuona mwezi mtaa huu ni mimi. Kila mwaka, tangu hamsini na nane. Andika!"

Akaandika, kwa wino. Mwanasiti mke wangu akasema toka jikoni, ungemwambia Jumamosi, Jumamosi ni Idd kwa vyovyote, iwe mosi iwe pili. Muziki hauelewi yule. Nani apigiwa gitaa Idd pili, pilau lishalala?

Jumatano, 13 Mei

Mabango yamebandikwa. IJUMAA, IDD MOSI, SAA NANE MCHANA. Jina langu halimo, wamesahau. Dena kapata kibali cha uwanja: siku moja, basi, saa nane mpaka kumi na mbili. Jumamosi kashawapa Lamu. Sasa hata Rais akitaka, tarehe haigeuki.

Nimemhadithia Dena nilivyopiga ngoma Dabaso mwaka wa sitini na tatu, mpaka kaa wakatoka kwenye matope ya mikoko wakakaa safu kusikiliza. Akauliza walipiga makofi? Nikamwambia kaa ana nini kingine cha kufanya na mikono ile.

Jumapili, 17 Mei

Habari kubwa! Harusi ametuma neno: ataka wanawake ishirini wa hapahapa wamwitikie jukwaani. Kiongozi wao ni nani? Mahfudha, mtoto wa dada yangu! Sauti ile ni ya upande wetu.

Wameshanunua leso za sare, kijani na nyeupe. Mchana kutwa waimba, na saumu zao, koo kavu. Mahfudha miaka sita sasa tangu aachike hajatoka mbele za watu. Arusini hukaa nyuma karibu na masufuria. Leo nimemwona kasimama katikati ya ua, mkono kiunoni, awaamrisha wenziwe. Nikatazama pembeni, vumbi liliniingia jichoni.

Akaniambia: "Mjomba, hii Ijumaa ni kweli?"

"Mimi nishasema."

"Ndiyo maana nauliza."

Watoto wa siku hizi!

Ijumaa, 22 Mei

Baada ya swala Sheikh Muhdhar kanishika mkono mbele ya watu. "Bwanamkuu, nimesoma bango lako. Mwezi umekupigia simu?"

Msikiti mzima ukacheka, hata wazee wa safu ya mbele. Nikajibu kwamba aliye na macho hahitaji simu. Sheikh akasema vizuri, Alhamisi utapanda nasi darini kwangu, wewe utangulie mbele.

Heshima kubwa. Si kila mtu huitwa.

Jumanne, 26 Mei

Mvua.

Jumatano, 27 Mei

Mvua tena. Upande wa magharibi, kwao Dena, mawingu meusi kama masizi ya chungu. Nimemwambia Dena mawingu haya ni ya Kakuyuni, ayafanyie mpango. Hakucheka. Kauliza, mwezi usipoonekana yatakuwaje?

Nikamweleza: kesho ni mfungo ishirini na tisa. Mwezi ukiandama, Ijumaa ni Idd. Usipoandama, twakamilisha thelathini, na Ijumaa mchana mji mzima umefunga.

"Na Harusi?"

"Naye afunga. Ni mtoto wa watu."

"Kwa hiyo saa nane Ijumaa, uwanjani..."

"Wewe na vipaza sauti vyako."

Akakaa chini, palepale kwenye ngazi, penye maji.

Alhamisi, 28 Mei. Asubuhi

Harusi kafika! Lori la vyombo lilichelewa kivukoni Mnarani, yeye kaja mbele kwa gari dogo. Kafikia kwa Mahfudha. Mwanamke mfupi, hana makuu, kanipa shikamoo kwa mikono miwili. Kasema, "Ami, nimesikia Malindi nzima yafuata macho yako." Nikasema ni kawaida.

Waliimba pamoja ukumbini, yeye na Mahfudha, taratibu, wasikauke koo. Harusi akanyamaza katikati ya ubeti, akamwacha Mahfudha amalize mwenyewe. Kisha akasema, huu kesho utauimba wewe. Mahfudha alinitazama mimi, si yeye.

Mvua imekatika. Mawingu bado.

Alhamisi hiyohiyo. Baada ya magharibi

Naandika upesi. Mlango nimeutia komeo.

Tulipanda darini watu tisa. Wanawake wa sare walisimama chini uchochoroni, nyuso juu, na Harusi kati yao kajifunika. Jua likatua nyuma ya wingu. Sheikh akatafuta, mwanawe akatafuta, jirani mwenye duka akatafuta kwa darubini ya Mtaliano mmoja. Hakuna. Sheikh akageuka. "Haya, Bwanamkuu. Waona?"

Nikatazama chini. Mahfudha kashika leso yake kwa meno.

Nikanyosha kidole. "Huyo!"

Vigelegele! Uchochoro mzima! Mwenye duka akasema, wapi? Nikasema hapo, penye ufa wa wingu, basi keshaingia. Mwanawe Sheikh akasema, nami kama nimeona kitu. Sheikh aliniuliza jambo moja tu, polepole: "Pembe zake zimeelekea wapi?"

Nikasema nimeshikwa na kiu, nafuturu kwanza.

Nimefuturu tende moja. Redio haijasema neno. Nje wanawake washaanza kukuna nazi za Idd. Dena kapita dirishani, kaniita mfalme. Sasa hivi Mwanasiti kaniambia kwa tundu la ufunguo: Sheikh yuko barazani, na wazee wawili, na msahafu. Ataka niape, kisha ndipo atangaze, watu wafungue kesho kwa ulimi wangu. "Toka," asema, "ama nimwambie walala?"

Nikiapa, Mahfudha ataimba. Mji mzima utakula mchana wa mfungo, na dhambi ni zangu. Nisipoapa, atarudi kwenye masufuria yake.

Wagonga tena. Sheikh mwenyewe sasa. Aita jina langu kwa upole, hilo ndilo baya.

Mwezi wa Idd mimi sijapata kuuona. Si leo tu. Tangu hamsini na nane. Kila mwaka husubiri wenzangu wanyoshe kidole, nami hunyosha papohapo, na kusema "huyo" kwa sauti kubwa kuliko wao. Leo hapakuwa na aliyenitangulia.