Mama Bun-rye, Mbwa Wako Wote Wamepata Nyumba

Mama, mwaka umetimia tangu ulipoanguka kwenye njia ya kilimani ukiwa na ndoo mbili za maji. Watu wanatuambia kwamba mwaka ukipita hasira hupoa. Yetu haijapoa, na tunakuandikia hapa gazetini ili anayehusika naye asome.

Tunakukumbuka ukipokea mbwa wasio na kwao kwenye kile kiwanja ulichokodi kilimani. Wale wa Mzee Bang Chil-seok, jirani yetu aliyefuga mbwa wa kuuza nyama, walizaliwa kwenye vizimba vya waya vilivyoinuliwa juu, wakanenepeshwa kwa ajili ya sufuria, na miguu yao haikuwahi kukanyaga udongo. Serikali ilipomfungia biashara, wote waliletwa kwako. Walishuka garini wakitetemeka, wakaogopa nyasi. Hukuwavuta kamba. Ulikaa matopeni na suruali yako ya maua, ukamenya vitunguu saumu vyako, ukangoja mmoja wao athubutu kusogea.

Uliwapa majina ya vyakula, kwa kuwa wazee wetu husema mnyama mwenye jina la chakula hafi mapema. Baba alikucheka.

"Bun-rye, umewaokoa na sufuria, halafu unawaita Kiazi na Boga?"

"Nyamaza wewe. Una sura ya kabichi iliyochacha, na bado nimekufuga miaka yote hii."

Mtu akija kutaka mbwa, ulimhoji kama aliyeleta posa. "Akiuliza jina, mpe chai," ulitufundisha. "Akiuliza kilo, mfungie geti." Mbwa akishazoea kwa wenyeji wake, ulibisha hodi na mikate ya mchele yenye maharage mekundu, kama jirani aliyehamia karibuni, kumbe unachunguza kama uani kuna mnyororo. Na ulikuwa na sharti moja: mbwa wa Bang wapelekwe mbali, ng'ambo ya mlima, wasinuse tena harufu yake.

Kwa hilo Bang akakufungia maji. Bomba lako lilipita shambani kwake, naye akalifunga katikati ya Agosti, joto la kuua. Ulipokwenda kumwomba alisema, "Mbwa wangu umechukua, maji yangu niachie." Ukaanza kuteka mtoni na kupanda na ndoo, huku kijiji chetu kizima cha Dolgol kikikuchungulia madirishani, mpaka moyo wako ukashindwa. Kisha Bang akaja msibani. Akavua viatu, akaisujudia picha yako kama desturi yetu, akala supu ya msiba bakuli mbili na kuomba figili ya pilipili. Tulimpakulia kwa mikono yetu, maana mgeni wa msiba hafukuzwi, na mikono hiyo bado inatuwasha.

Basi, Mama, tulivunja sharti lako. Mbwa waliobaki tuliwagawa hapa hapa Dolgol. Wale waliokuwa wakichungulia waliona haya, nasi tuliitumia haya yao bila huruma. Kiazi yuko dukani. Boga yuko kwa mwenyekiti wa kijiji. Tofu analala mlangoni pa ukumbi wa wazee, pale Bang alipozoea kucheza karata kila alasiri. Ni wapole, watoto wanawavuta mikia na hawasemi kitu. Ila akipita yeye, barabara yote inalipuka kwa kubweka, nyumba kwa nyumba, tangu getini kwake hadi kituo cha basi.

Alikwenda kushtaki.

"Mwenyekiti, kijiji kizima kinanibwekea."

"Mbona mimi hawanibwekei?" mwenyekiti akamwambia. "Labda wanakusalimia, mzee. Si mnajuana?"

Sasa karata hachezi tena. Tunajua ungetugombeza, ungesema mbwa si fimbo ya kumchapia mtu. Utusamehe. Tumefurahi sana.

Alibaki Mtama, yule kikongwe mweusi mwenye sikio lililochanika, aliyezalishwa vizimbani mpaka chuchu zikagusa chini. Hakuna aliyemtaka, na mwenye kiwanja alikuwa anataka kiwanja chake. Tulishakata tamaa alipopanda kilima Mama Do-sik, mke wa Bang, peke yake, jasho likimtiririka. Tulidhani ametumwa.

"Hapa hakuna mbwa wa sufuria," mwanao Gi-tae alimwambia kabla hata hajaketi.

"Najua. Nataka yule anayemchukia mume wangu kuliko wote."

Tulitazamana. Tukamwambia kweli: Mtama akinusa hata buti lake tu, hunguruma mpaka mwili wote unatikisika.

"Basi nipeni huyo. Nilimsihi asifunge yale maji. Nilimpigia magoti, akaniambia nikapike. Huyu atalala ndani, mlangoni pa chumba, na chakula atapewa na mimi."

Juzi tulikwenda kumkagua, na mikate ya maharage mekundu kama ulivyotuzoesha. Mtama amenenepa. Analala kwenye sakafu inayopashwa moto kwa chini, katikati ya nyumba, na hataki kumpisha mtu. Mzee Bang amehamishia godoro lake kwenye banda la vizimba. Tulimkuta huko akipuliza moto apike wali wake mwenyewe, macho mekundu kwa moshi. Hatukumpa mkate.

Unakumbukwa na mumeo, Tak Jong-man, wanao, Seon-hwa na Gi-tae, mkweo Ae-sim, wajukuu zako, na mdogo wako Bun-i. Unakumbukwa pia na Mama Do-sik, aliyetuomba jina lake liandikwe hapa, pamoja na yetu, ili mumewe alisome.

Hatutakusahau kamwe, Mama. Na yeye pia hatutamsahau.